Mlinzi Aliyekutwa Eneo la Tukio

Hotuba hii niliitoa Jumamosi mbele ya wanafunzi wa afya na familia zinazouguza wazee wenye ugonjwa wa kusahau. Mvua iliwazuia wengi, na walionipigia simu jioni yake wameniomba niiweke yote. Picha za ukutani nimeziacha.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, wanangu wanafunzi, nyote mliokuja na viatu vya matope, ahsanteni.

Nianze sokoni. Duka limevunjwa usiku. Alfajiri watu wanajaa, wanamkuta mlinzi kasimama katikati ya vioo vilivyopasuka, rungu mkononi, shati lina damu. Mtasemaje? Nawajua, mimi ni mtu wa hapa hapa. Nusu yenu mtasema, "Maskini, kapambana." Nusu mtasema, "Huyu huyu ndiye aliyewafungulia." Na wote mtakuwa mnabahatisha, kwa sababu mmefika kumekucha.

Mlinzi au mhalifu? Kazi yangu yote ya maabara, na ya watu wakubwa kuliko mimi nitakaowataja leo, ni swali hilo moja. Ila duka letu ni ubongo, na mlinzi wetu ni seli ndogo iitwayo mikroglia.

Ukichomwa na mwiba, kidole kinavimba, kinakuwa chekundu, kinapata moto, kinauma. Huo ndio mchochota: mwili unapigana. Mnaujua, mmeukanda kwa maji ya moto. Sasa ubongo nao huchochoka, ila umefungiwa ndani ya fuvu na wenyewe hauna neva za kusikia maumivu. Mgonjwa hasemi "ubongo unaniuma hapa". Anachofanya ni kuweka chumvi kwenye chai, au kukuuliza wewe mwanawe umetoka wapi. Vita vinapiganwa humo miaka na miaka, na nje hausikiki hata mlio wa bati.

Aliyetuonyesha huyo mlinzi ni Mhispania, Pío del Río-Hortega. Amezaliwa mwaka 1882 katika kijiji cha Portillo, karibu na Valladolid. Alisomea udaktari, akarudi kijijini kwao kutibu watu, na angeweza kuishia hapo akila kuku wa shukrani. Lakini alipenda hadubini kuliko stethoskopu. Akaenda Madrid, akaangukia mikononi mwa mwalimu mmoja kijana, Nicolás Achúcarro, ambaye naye alikuwa amefanya kazi Munich chini ya Alois Alzheimer mwenyewe. Ndiyo, Alzheimer yule yule wa jina la ugonjwa huu wa kusahau. Mnaona jinsi mnyororo ulivyo mfupi? Alzheimer, Achúcarro, Río-Hortega. Na Achúcarro akafariki mwaka 1918, bado kijana wa miaka 37, mwanafunzi wake akabaki na maabara.

Wakati huo wataalamu walikuwa wanajua ubongo una nyuroni, zile zinazopelekeana habari, na una seli zenye umbo la nyota zinazozitunza. Baada ya hapo kulikuwa na vidoadoa vya duara, visivyoshika rangi, visivyo na mikono wala miguu. Santiago Ramón y Cajal, baba wa fani nzima, mshindi wa Nobel wa mwaka 1906, alivikusanya vyote akaviita kitu cha tatu. Mmewahi kuona kopo la fundi baiskeli? Nati asizojua zinakaa wapi anazitupia humo, zisipotee tu. Kitu cha tatu lilikuwa ndilo kopo hilo.

Río-Hortega alichofanya ni kubadilisha rangi. Basi! Hakuwa na mashine mpya. Alichukua nitrati ya fedha, akaichanganya na kaboneti ya sodiamu mpaka mashapo yakashuka chini, akadondoshea amonia, tone kwa tone, mashapo yakayeyuka. Kwenye maji hayo alizamisha vipande vya ubongo vilivyokatwa vikiwa vimegandishwa, vyembamba kuliko ganda la ndani la kitunguu, kisha akavihamishia kwenye formalini. Fedha inageuka nyeusi pale iliposhika, na inashika pale inapotaka yenyewe.

Nasema inapotaka yenyewe kwa sababu nimeionja. Mwaka wangu wa kwanza wa utafiti nilitia vipande kwenye fedha, simu ikaita, nikatoka nje kuongea. Niliporudi vilikuwa vyeusi kama kitako cha sufuria. Kazi ya wiki tatu! Msimamizi wangu hakugomba. Alikishika kioo kwa ncha za vidole, akakielekeza dirishani, akatazama muda mrefu kuliko nilivyopenda, akasema, "Umepiga picha ya usiku." Kisha akaniambia nikaoshe vyombo. Kwa hiyo nikisoma kwamba bwana yule aliweza kuitiisha fedha mpaka ikachora seli moja moja, kila kijitawi, mimi navua kofia.

Na alichokiona mwaka 1919 ni nini? Kwamba lile kopo lina vitu viwili tofauti kabisa. Kimoja baadaye alikiita oligodendroglia. Sasa tunajua ndicho kinachozungushia nyuzi za neva mafuta. Kingine ndicho hiki chetu, mikroglia. Kiwiliwili kidogo, matawi membamba yenye miiba kama mchongoma, kila seli na eneo lake, haigusani na jirani. Akajeruhi ubongo wa mnyama, akangoja, akatazama tena. Seli zile zilikuwa zimekunja matawi, zimenenepa, zimekuwa duara, na tumboni zimebeba mabaki ya seli zilizokufa. Mlinzi alikuwa anakula!

Akasema jambo jingine lililowaudhi watu: kwamba walinzi hawa si wenyeji wa ubongo. Wamehamia. Wanaingia mapema, mwili unapoumbika, wakitokea kwenye tabaka linalozaa damu na misuli. Ubishi wa sentensi hiyo ulidumu karibu karne nzima, hadi mwaka 2010 watafiti walipofuatilia seli ndani ya kijusi cha panya na kuzikuta zikitoka kwenye mfuko wa kiini, nje kabisa ya ubongo, zikisafiri kuingia. Yeye alikuwa na fedha na macho tu.

Sasa, wanafunzi, mnadhani alipewa nini? Alifukuzwa. Mwaka 1920, baada ya magomvi ya chini kwa chini yaliyomhusisha bawabu wa maabara, Cajal alimwandikia barua ya kumwondoa. Bawabu! Mwenye ufunguo wa mlango. Sitawaambia nani alikuwa na haki, maana na sisi tumefika kumekucha. Ila nawaomba msidhani mambo ya sayansi yanaamuliwa na hadubini peke yake. Mara nyingine yanaamuliwa na nani amesalimiana na nani getini.

Alihamia chumba kidogo kwenye Residencia de Estudiantes, hosteli ya wanafunzi pale Madrid, akaendelea. Njia yake ilikuwa na deko kiasi kwamba mwaka 1924 daktari mmoja wa upasuaji, Wilder Penfield, alivuka bahari kutoka Amerika ili akae naye miezi kadhaa amfundishe kwa mkono. Huyu ndiye Penfield aliyekuja kuanzisha taasisi kubwa ya ubongo kule Montreal. Yaani maelezo yalikuwa yamechapishwa, lakini ilibidi uende ukasimame karibu na beseni uone anavyotikisa.

Kisha vita vya Hispania, mwaka 1936. Akaenda Paris, akaenda Oxford, akamalizia Buenos Aires, na huko akafariki mwaka 1945 kwa saratani. Alipendekezwa Nobel mara mbili, hakupata. Mifupa yake ilirudishwa Valladolid mwaka 1986. Mhamiaji aliyegundua seli mhamiaji. Sikulipanga mimi hilo.

Kabla sijaenda Kanada, niwapitishe Ziwa Viktoria, maana msije mkaondoka mnadhani mchochota wa ubongo ni habari za Ulaya.

Malale mnayajua. Mwanzoni mwa karne ya 20 yalifyeka zaidi ya watu 200,000 kando ya ziwa upande wa Uganda, Busoga hasa. Ni pale Entebbe Aldo Castellani alipovikuta vimelea kwenye maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa. Bongo za waliokufa zilipotazamwa London, Frederick Mott alikuta seli za kinga zimeivaa mishipa ya damu kama soksi inavyouvaa mguu. Mbung'o ndiye aliyeleta mwizi, lakini uharibifu mwingi wa mle ndani ulikuwa wa purukushani ya walinzi.

Na dawa? Kuanzia mwaka 1949 ilikuwa melarsoprol, yenye arseniki, ikidungwa mshipani kama moto. Katika kila wagonjwa 100, kama 5 hadi 10 ubongo wao ulichochoka ghafla katikati ya tiba, na karibu nusu ya hao walikufa. Wanakufa kwa tiba! Leo kuna vidonge vya fexinidazole, vilivyofanyiwa majaribio Kongo na kuidhinishwa huko mwaka 2018, unameza tu, hudungwi. Lakini nataka mkumbuke zile sindano. Unamuua mwizi, na duka linaungua.

Haya, Kanada. Vancouver, mtu na mkewe, Patrick na Edith McGeer. Mume alikuwa mrefu, alichezea Kanada mpira wa kikapu kwenye Olimpiki ya London mwaka 1948, baadaye akawa mwanasiasa, hata waziri wa elimu wa jimbo lake, huku bado anaingia maabara. Mke alikuwa mkemia wa kweli kweli. Walikutana wote wakifanya kazi kampuni ya kemikali. (Mara nyingi ukisoma habari zao unamkuta mume mbele na mke kwenye mabano. Mimi nimewasoma, na nawaambia mabano hayo yafutwe.)

Wao walichukua bongo za watu waliokufa na ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka, na wa Alzheimer, wakazitia kingamwili ya kutambua alama ambayo mikroglia huivaa ikiwa vitani. Mwaka 1988 wakaonyesha kwamba pale hasa panapokufa nyuroni za Parkinson, na pale hasa palipo madoa ya protini ya Alzheimer, walinzi wamejaa, wamevaa sare za vita.

Na watu wakasema nini? Wengi walisema, "Hao ni wafagiaji. Nyuroni imekufa, wamekuja kuzoa taka." Si neno la kipumbavu. Ubongo wa maiti ni duka la alfajiri, hauwezi kukuambia nani alifika kwanza. Lakini akina McGeer wakaja na swali la kijanja: je, kuna watu ambao walinzi wao wamelazwa usingizi kwa dawa miaka mingi kwa sababu nyingine kabisa? Wapo. Wagonjwa wa baridi yabisi, wanaomeza dawa za kutuliza mchochota wa viungo kila siku ya Mungu. Mwaka 1990 waliandika barua fupi kwenye jarida la Lancet: hao wanaonekana kupata Alzheimer kwa uchache kuliko ilivyotarajiwa.

Hebu fikirini shangwe iliyofuata. Dawa za duka la kawaida! Marekani wakakusanya zaidi ya watu 2,500, wenye umri wa miaka 70 na kuendelea, wenye ndugu waliougua. Wengine wakapewa naproxen, wengine celecoxib, wengine kidonge kitupu. Desemba 2004 dawa zikasimamishwa kwa hofu ya madhara ya moyo. Na takwimu zilipokaa sawa, kinga haikuonekana.

Kwa hiyo tafadhali, wazee wangu, mtu asitoke hapa akaenda kununua vidonge vya viungo kwa ajili ya kumbukumbu. Vitakutoboa tumbo, vitakuchosha figo, na utasahau vile vile.

Walikosea wapi? Nitawaambia ninavyoona mimi. Tulikuwa tunauliza swali kana kwamba mlinzi ni mtu mmoja mwenye tabia moja, mchana na usiku, ujana na uzee. Miaka mingi vitabu viliandika "mikroglia iliyopumzika". Mwaka 2005 makundi mawili ya watafiti yakafungua dirisha dogo kwenye fuvu la panya aliye hai, yakamulika seli hizo ziking'aa kijani. Hakuna aliyepumzika! Vijitawi vilikuwa vinanyooka na kurudi, vinapapasa huku na kule, na kwa saa chache vinakuwa vimegusa ubongo mzima. Ukitoboa kishimo kidogo kwa mwanga wa leza, matawi ya walinzi wote wa karibu yanakielekea ndani ya dakika chache. Niliionyesha video ile ukumbini, na mama mmoja mbele yangu akasema, "Kama siafu wameona mkate." Sijapata mfano bora.

Halafu akaja Beth Stevens. Alianza kule Stanford katika maabara ya Ben Barres, baadaye akafungua yake Boston. Enyi wakulima wa mahindi, mkipanda mbegu tatu shimo moja mnafanyaje baadaye? Mnapunguzia. Ubongo wa mtoto nao huzaa viungio vya nyuroni, sinapsi, kupita kiasi, kisha hupunguziwa. Mwaka 2007 Stevens na wenzake walionyesha kwamba sinapsi za kung'olewa zinapakwa alama, protini ile ile ambayo damu huitumia kuwapaka vijidudu. Mwaka 2012, maabara yake ikaonyesha nani anang'oa: mikroglia. Basi hapo mlinzi tumemkuta shambani, na jembe, kwa idhini ya mwenye shamba.

Tatizo ni mwaka 2016. Kwa panya waliotengenezwa wapate mfano wa Alzheimer, alama zile zinarudi kupakwa tena, mapema, hata kabla madoa hayajatanda, na mlinzi anaanza kupunguzia upya. Lakini sasa shamba limebeba mahindi.

Mhalifu, basi? Ngojeni kidogo. Mwishoni mwa mwaka 2012 makundi mawili, moja likitumia damu za watu wa Iceland, yalikuta kosa adimu kwenye jeni iitwayo TREM2. Ukiwa na kosa hilo, hatari yako ya Alzheimer inapanda karibu mara tatu. Na TREM2 ndani ya ubongo inavaliwa na nani? Na mikroglia. Inamsaidia mlinzi kunusa mafuta ya seli iliyopasuka na kuyazunguka madoa yasisambae. Wenye kosa hilo, walinzi wao hawafiki, au wanafika wanasimama mbali. Kosa lao si ukali. Kosa lao ni uzembe!

Mimi hapo ndipo nilipoacha kupenda maneno ya "kuzima mchochota". Unamzima yupi, saa ngapi? Anayepunguzia mahindi, au anayezuia moto usivuke barabara? Huenda ni seli ile ile, tofauti ni miaka kumi.

Nimalizie nyumbani kwetu.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa anasahau taratibu, mwaka wa nne huo. Alikuwa anajua majina ya wajukuu wengi, anapika chai yake, anasali. Wiki moja akabadilika ghafla. Halali. Anavuta vuta shuka kama anachambua mchele. Anaongea na kaka yake aliyekufa zamani, na anamgombeza kwa nini kaacha ng'ombe waingie kwenye mihogo. Wajomba wakasema ni umri. Mama mkubwa akasema kuna mkono wa mtu. Na mimi, mtaalamu wa mikroglia, mwenye vyeti ukutani, nilikaa upande wa wajomba. Nikawaambia ugonjwa umesonga mbele, tujiandae.

Aliyeona ni dada wa nyumbani, aliyekuwa anamfulia. Alinivuta nje, akaniambia kwa aibu, "Kaka, mkojo wa bibi siku hizi unanuka vingine. Na akikaa chooni anakunja uso."

Tukampeleka. Kikopo kimoja cha mkojo, jibu likatoka mchana ule ule: maambukizi ya njia ya mkojo. Akapewa dawa za bakteria.

Na wala sikuwa na kisingizio, maana nilikuwa nimeisoma. Hugh Perry wa Southampton alishaandika miaka mingi kwamba ubongo unaougua una walinzi waliokwishachokozwa, mkono uko kwenye rungu tayari. Ukipata homa ya mapafu au ya mkojo, habari inapanda na damu, na wao wanaruka. Mwaka 2009 Clive Holmes na wenzake, Perry akiwemo, walifuatilia wagonjwa 300 wa Alzheimer kwa miezi sita: waliopata maradhi ya namna hiyo walididimia kwa kasi ya karibu mara mbili ya wenzao. Nilikuwa nimefundisha makala ile darasani! Nimeifundisha, na nyumbani nikamwacha bibi siku sita.

Kwa hiyo mnaouguza, mzee akibadilika taratibu, huo huenda ni ugonjwa wenyewe. Akibadilika kati ya Jumatatu na Alhamisi, mpimeni. Mkojo, kifua, meno, kidonda cha kalio, malaria. Angalieni kama anakunywa maji. Na msikilizeni anayemfulia.

Siku ya tano ya dawa nilimpelekea chai kitandani. Akaipiga funda moja, akaitema kwenye sahani, akaniangalia usoni, jina langu hakulipata. Lakini alisema, "Nani kaweka tangawizi kama chai ya msibani?"

Mzee wangu pale nyuma, mkono naona umeuinua tangu nilipotaja vidonge vya viungo. Mpeni kipaza sauti.